Mita Hamsini Zimempeleka Bibi Yangu Kongo

Hoteli ya Mbambu (mlango wa nyuma),
Mpondwe, Bwera.
Jumapili, 18 Juni 2017.

Kwa Mheshimiwa Anayehusika na Mita Hamsini.

Mheshimiwa,

Shikamoo. Neno hili huku kwetu halisikiki sana, lakini kitabu chetu cha Kiswahili kinasema barua kwa mkubwa isianze bila hilo, nami sitaki barua hii ikataliwe mlangoni.

Nisamehe kwa kutotaja jina lako wala cheo chako. Siku ulipokuja Februari kutusomea sheria ya tumbaku nilikuwa nyuma ya pazia la stoo, na pazia letu ni zito. Nilisikia sheria yote ila sikusikia jina. Nilitaka kutoka nikuulize, nikafika hadi kwenye gunia la maharage, nikarudi.

Mimi ni Biira Medius, mwanafunzi wa kidato cha tatu, umri miaka kumi na sita. Nimelelewa na bibi yangu, Mbambu, tangu nikiwa na miaka minne. Bibi ana hoteli ya chakula yenye vyumba viwili. Cha mbele ni cha wateja, cha nyuma ni chetu. Utamkumbuka: ni yule mama aliyekuwa na kiko mdomoni wakati ulipokuwa unasema mtu yeyote haruhusiwi kuvuta ndani ya baa wala hoteli ya chakula, wala ndani ya mita hamsini kutoka mahali pa watu wengi. Bibi aliuliza, "Hata mwenye nyumba?" Ukajibu kwa upole, "Hata mwenye nyumba, mama." Akakizima kiko kwa kidole gumba, akakifunga kwenye kitambaa, akakuletea chai. Hakukudai chochote. Nayasema haya ili ujue kwamba sisi si watu wa ugomvi.

Wala sitetei tumbaku. Niliandika insha juu ya madhara yake nikapata kumi na saba kati ya ishirini, na ningepata zaidi kama nisingechora mapafu matano. Kila asubuhi kikohozi cha bibi kilikuwa kikiamsha kuku kabla jogoo hajajiandaa. Nilikuwa nimemwomba aache mara nyingi, kwa kumwachia vijikaratasi chini ya sufuria, kwa sababu kumwambia usoni nilishindwa. Bibi hasomi. Vijikaratasi alivitumia kuwashia kiko.

Kwa hiyo sheria yako ni nzuri. Malalamiko yangu ni juu ya mambo ambayo sheria nzuri imeyafanya katika nyumba moja. Nimeyapanga kwa nambari ili usipotee.

1. Mita hamsini zenyewe hazipo.

Ulipoondoka, bibi aliniambia nimtafutie mahali halali. Nilifunga kamba za katani mpaka zikafika mita hamsini kamili, nikazipima na rula ya shule mara mia moja sitini na sita, na kipande. Nikaanza kupima kutoka mlango wetu. Upande wa mashariki kamba iliishia kwenye ngazi za shule ya chekechea. Magharibi iliishia miguuni mwa vijana wa bodaboda kwenye stendi yao. Kaskazini ilikuwa kliniki ya wajawazito. Kusini ilikuwa mahali pa kutawadhia msikitini, ambapo mzee mmoja aliishika ncha ya kamba akidhani ni ya mbuzi wake, akanirudishia kwa heshima.

Kila mahali hapo ni mahali pa watu, na kila mahali pa watu pana mita hamsini zake. Nilichora ramani, nikazungusha bikari. Miduara ilifunikana kama magamba ya samaki ngege. Katika mji wetu wote, Mheshimiwa, palibaki peupe pembetatu moja yenye ukubwa wa mkeka. Nilifurahi sana. Nilikwenda kuiona hiyo pembetatu. Ilikuwa katikati ya zizi la nguruwe la mzee Kosmasi.

2. Zizi lilijaa.

Bibi hakulalamika. Alimwomba Kosmasi ruhusa, akachukua kigoda, akaenda kukaa na nguruwe mara sita kwa siku. Siku ya kwanza alikuwa peke yake. Siku ya pili mteja alimfuata kuuliza kama samaki wamekwisha, akabaki. Siku ya tatu wavutaji wa baa ya jirani walisikia kwamba ipo pembetatu halali iliyopimwa na mtoto wa shule, wakaja na viti vyao. Siku ya nne kulikuwa na watu kumi na mmoja na nguruwe wanne, na mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga za kukaanga.

Hapo mimi nilipata wasiwasi nikarudi kwenye daftari nililonakilia sheria yako. Watu kumi na mmoja na muuza karanga ni mahali pa watu wengi. Kwa hiyo zizi lilikuwa limekuwa mahali ambapo huruhusiwi kuvuta, kwa sababu ya watu waliokwenda pale kwa kuwa inaruhusiwa kuvuta. Ilinilazimu niwaambie. Niliandika kwenye ubao mdogo nikausimamisha langoni, kisha nikakimbia. Walitii wote, hata mzee Kosmasi, ambaye havuti, alitoka nje ya zizi lake akasimama barabarani akiwatazama nguruwe kwa mbali.

Swali langu hapa ni hili: wavutaji wakihamia popote, si watageuka wao wenyewe kuwa mahali pa watu, na kubeba mita hamsini zao wanapokwenda? Nimelitafakari jambo hili wakati wa kipindi cha hesabu mpaka nikaitwa jina mara mbili.

3. Ndipo bibi akaanza kuvuka mpaka.

Kutoka mlangoni kwetu hadi darajani ni hatua mia mbili na themanini za bibi. Ng'ambo ni Kongo, na mita zako hazifiki huko. Kuanzia Aprili bibi alianza kuvuka mara sita kwa siku na kurudi mara sita. Watu wa mpakani wanamfahamu tangu zamani, lakini daftari ni daftari. Upande wa kule yuko afisa mmoja mwenye kofia kubwa ambaye lazima aandike sababu ya kila safari. Bibi alinisimulia. Mara ya kwanza alimuuliza, "Mama, unakuya kufanya nini?" Bibi akasema, "Kuvuta." Mara ya tatu siku hiyohiyo akamuuliza, "Mama, unakuya tena?" Bibi akasema, "Andika ile ya asubuhi." Tangu wakati huo anaandika "kama kawaida".

Mheshimiwa, fikiria mgeni anayelisoma daftari hilo miaka mia moja ijayo. Ataona jina la Mbambu likiingia Kongo mara sita kila siku. Hatajua kwamba ni mtu mmoja. Ataandika kitabu kwamba mwaka 2017 wanawake wazee wa Bwera walikuwa wakiikimbia nchi yao, sita kwa siku, kila mmoja na kigoda chake. Mimi ni mpenzi wa historia na jambo hili linaniumiza.

4. Moshi katika hoteli umeongezeka.

Bibi akiwa ng'ambo, jikoni alimwachia Mjomba Blasio, ambaye ni mwanawe wa mwisho, umri miaka arobaini na miwili. Kabla ya hapo kazi ya mjomba ilikuwa kukaa kwenye meza ya karibu na mlango na kucheza drafti ili hoteli ionekane ina watu. Wiki ya kwanza aliunguza maharage mara nne. Moshi ulitoka mlangoni ukavuka barabara, na vijana watatu wa stendi wakaja mbio na madumu ya maji, wakayamwaga, wakatuzimia hata jiko la chai. Kwa makadirio yangu sufuria moja ya maharage ya mjomba ni sawa na viko mia mbili vya bibi. Nimesoma daftari langu tena na tena. Maharage hayakutajwa popote katika sheria.

Ni haki niseme kwamba sasa bundu lake, yaani ugali wa muhogo, halina madonge tena, na juzi mteja mmoja aliongeza mboga ya sombe bila kulazimishwa. Lakini si kama la bibi.

5. Bibi haji tena.

Hili ndilo lililonifanya nikuandikie, na nimelichelewesha kwa sababu ni gumu.

Mwanzoni bibi alikuwa akikaa ng'ambo robo saa, ambayo ni kiko kimoja chenye kijiko kimoja cha chai cha tumbaku. Mwezi wa Mei ikawa saa nzima. Kisha ikawa tangu chakula cha mchana mpaka machweo. Kisha Ijumaa ya tarehe tisa Juni, siku ya soko, alivuka na blanketi lake, redio ndogo na kikombe chake cha bati, na hajarudi. Yuko kwa Kavira, binti wa dada yake marehemu, ambaye naye ana kibanda cha chakula karibu na barabara. Nasikia mle ndani watu wanavuta wapendavyo.

Leo ni siku ya tisa. Kama bibi anavuta mfululizo, na sijui ni kitu gani kingine kingemweka huko, basi amekwisha kuvuta vijiko mia nane sitini na vinne. Kwa ujazo, kiko chake sasa kinalingana na dumu la lita tano lililo karibu kujaa. Nimekagua hesabu hii mara mbili. Ninaogopa mapafu yake.

Nilimuuliza Bwana Wahabu, dereva wa lori anayepeleka saruji Beni, huko ng'ambo, ambaye amekula samaki kwetu tangu sijajua kusoma. Yeye hagusi tumbaku. Nilimuuliza kwa kumwandikia nyuma ya risiti. Alisoma akacheka mpaka akashika usukani, akasema amemwona bibi juzi, amekaa kwenye kiti cha plastiki, na kiti chenyewe kina mikono. Nilipomwandikia swali la pili, kwamba je, anakohoa, alisema, "Dada Medius, daraja liko pale. Nenda umuulize mwenyewe." Nadhani ananificha ukubwa wa kiko.

Mheshimiwa, mimi sijawahi kuvuka daraja hilo. Watu huulizwa maswali pale mbele ya foleni, na mimi nikiulizwa swali mbele ya foleni sauti yangu huenda mahali nisipopajua.

Nikueleze pia kitu kimoja ambacho hakina nambari. Kila jioni, baada ya vyombo, nilikuwa nikimsomea bibi kitabu karibu na jiko, na kumgeuzia kwa Kilhukonzo sehemu zisizoeleweka. Alikuwa akisikiliza na kiko chake. Hadithi ikiwa nzuri alivuta polepole. Ikiwa mbaya, aligonga kiko kwenye jiwe la jiko, ko ko ko, nami nikafunga kitabu na kukirudisha maktaba. Kwa miaka sita sijawahi kumaliza kitabu kibaya. Sasa nimesoma vitabu vitatu peke yangu na sijui kama vilikuwa vizuri.

6. Maombi yangu.

Naomba yafuatayo, na ukishindwa la kwanza nenda kwenye la pili.

Kwanza, naomba kigoda cha bibi kitambuliwe kuwa sehemu ya Kongo. Nitakishonea bendera mwenyewe. Afisa mwenye kofia kubwa anaweza kuja na daftari lake, akakaa kando, tutampa chai.

Pili, kama kigoda ni kidogo mno kuwa nchi, naomba mpaka usogezwe. Nahitaji hatua mia mbili na themanini tu, na tano za juu ili jiko liingie. Uganda itapoteza hoteli yetu, stendi ya bodaboda, kliniki ya wajawazito na miparachichi miwili, ambayo mmoja hauzai. Mwalimu wa jiografia anasema mto unaweza kuhama wenyewe ukipewa muda. Mimi naomba tu usaidiwe. Ninazo bado zile kamba.

Tatu, kama mto ni mgumu, basi watu wahame. Watu wote wa Bwera na Mpondwe wapangwe mmoja mmoja, kila mtu mita hamsini kutoka kwa mwenzake, kupanda mlima. Hapo hapatakuwa tena na mahali pa watu wengi, na kila mtu atakuwa halali alipo. Nimepiga hesabu: tutapita Nyakiyumbu na Karambi, na wa mwisho watafika Bugoye na blanketi. Sisi wasomaji hatutaona shida yoyote. Bibi nitaomba nipangwe naye jirani.

Sina la zaidi. Nimeandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho ulichotusomea sheria, na kwa kuwa bibi anakisikia vizuri. Barua hii haitatumwa mpaka yeye mwenyewe aweke dole gumba chini, maana mwenye malalamiko ni yeye, na mimi ni mkono tu.

Uwasalimie watu wa ofisini kwako, na dereva wako aliyesogeza gari ili kuku wetu wapite, na yule kijana aliyekuwa ameshika ncha ya pili ya futi ya kupimia na hakuambiwa lolote siku nzima. Mjomba Blasio anakusalimu. Nguruwe wa mzee Kosmasi wamerudi kunenepa.

Ni mimi niliyekuwa nyuma ya pazia,

Biira Medius.

Nyongeza, Jumapili hiyohiyo, alasiri.

Mheshimiwa, imenibidi nivuke daraja kutafuta dole gumba.

Nilipofika kwa afisa mwenye kofia kubwa aliniuliza, "Mutoto, unaenda wapi?" Sauti ikaondoka kama nilivyokueleza. Nikampa barua. Aliisoma yote, Mheshimiwa, kwa sauti, na foleni ikasogea karibu ili isikie. Kwenye nambari ya tatu aliitazama kofia yake. Wahabu alikuwa nyuma na lori lake, naye akawa anawaeleza wasiosikia. Alipomaliza, afisa alifungua daftari, na penye sababu ya safari akaandika neno moja: "Bibi". Akaniambia, "Pita. Eko kwa Kavira, kwa kivuli."

Nilimkuta bibi kwenye kiti chenye mikono. Mbele yake kulikuwa na sahani ya samaki, na hakuipika yeye. Kavira alikuwa anamletea maji ya kunawa. Bibi alionja, akasema chumvi ni kidogo, Kavira akakimbilia chumvi, na bibi akaegemea nyuma na kungoja. Sijawahi kumwona akingoja chakula. Hakuwa na moshi. Nilisimama pale muda mrefu nikisubiri akohoe na hakukohoa. Kiko nilikiona dirishani. Kimejaa mbegu za pilipili.

Aliacha kuvuta tangu zizini, Mheshimiwa. Anasema pale hata tumbaku ilikuwa na ladha ya nguruwe, na siku ya pili hamu ikamtoka. Safari zote za Kongo alikuwa amekishika kiko mkononi, kimezimwa. Nilimuuliza kwa nini basi alikuwa anavuka. Nilimuuliza kwa mdomo.

Alisema, "Mujukuu, miaka arobaini ninapikia watu. Nikikaa chini, mutu anauliza ugali iko wapi. Nikilala, anagonga. Yule mukubwa wako ni wa kwanza kuniambia: mama, toka jikoni, enda mbali. Hapa watu beko wananiletea mimi."

Nikamsomea barua, kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Hana kiko cha kugonga, akatumia kijiko. Kwenye kigoda aligonga. Kwenye mpaka aligonga. Kwenye watu kupangwa mlimani aligonga mpaka Kavira akaja kuuliza kama ameita. Kwenye nambari ya tano hakugonga. Aliniambia nirudie pale pasipo na nambari, nikarudia, kisha akamwagiza Kavira alete sahani ya pili na kiti kingine. Amesema nije kila Jumamosi na Jumapili, na kitabu. Blasio aendelee na maharage yake mpaka ayajue.

Sikuchana barua kwa sababu ndiyo nakala safi na daftari limekwisha. Tafadhali usiyafanyie kazi maombi yangu, hasa mto.

Bibi anauliza tu jambo moja. Anasema mita hamsini ni karibu sana, mutu akiita kutoka jikoni bado anasikika. Anaomba uweke mia.

Dole gumba lililo hapa chini ni la mita mia. Lina mafuta kidogo ya samaki.